Konje si ya kulala tu: tuonyeshe watoto inchi yao

Wandugu wachimba-migodi, bamama wa kambi, na ninyi vijana: udongo wa Katanga tunaujua kuliko mtu yeyote, lakini paka ule wa chini. Mtoto anazaliwa Likasi ao Kolwezi, anakomea hapo, anamaliza masomo, na bado hajaona kijiji hata kimoja chenye kubeba historia ya bankambo. Konje ikifika tunalala, tunahesabu madeni, tunarudia kazi.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema wazi: mtu mzima anapata angalau siku moja ya konje kwa kila mwezi mzima wa kazi, na hawezi kuiacha. Sisi wa sendika tunapigania siku hizo kila mwaka. Basi tuzitumie. Tunawapa safari tatu.

Ya kwanza ni Bunkeya, kaskazini ya Likasi. Hapo ndipo M'siri alijenga muji mkubwa wa Garenganze. Alitoka upande wa Tanzania ya leo, akifuata njia ya baba yake Kalasa, aliyekuja kununua shaba. Tarehe 20 desemba 1891, kapiteni Bodson, mmoja wa kikundi cha Stairs kilichotumwa kwa faida ya mfalme Léopold II, alimpiga risasi. Bodson naye hakupona. Kila mwaka, tarehe hiyo, Bayeke wanamkumbuka mwami wao. Ukifika, pita kwanza kusalimia wakubwa wa muji. Foto inakuja nyuma ya ruhusa.

Mu njia, waambie watoto waangalie vilima. Kilima bila miti, majani tu na kauwa kadogo ka zambarau: chini kuna shaba. Bankambo walijua alama hiyo mbele ya jeolojia kufika. Walisaga malakiti, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha kwa makala na mivukuto, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyokuwa franga yao. Misalaba hiyo ilikutwa mu makaburi ya zamani ku Sanga, karibu na ziwa Kisale. Ku mizeo ya Lubumbashi unaweza kuiona kwa macho.

Ya pili ni Mwadingusha, ku mto Lufira. Baraji ile ilianza kutoa umeme mwaka 1930, kwa ajili ya migodi. Maji yaliyozuiliwa yakawa ziwa Tshangalele: ndege, mitumbwi, samaki wa kula na bukari. Watoto wasioge karibu na baraji.

Ya tatu ni Lofoi, mu parki ya Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970. Maji yanaruka toka juu ya mlima, zaidi ya metre 300, mara moja. Enda mwezi wa tano ao wa sita: njia imekauka na maji yangali mingi. Mwezi wa kumi utakuta kamaji kadogo. Gari ya chini haifiki. Familia kumi zichange, zikodi kamyo moja nzuri. Ku mlango wa parki lipa, na uombe risiti.

Tunaandika haya juu ya sababu moja. Vilima vingi ambamo bankambo walichimba vimekwisha kuwa mashimo. Mashine inafuta kwa juma moja alama iliyodumu miaka mia, na dereva wa mashine ni mtoto wetu, hajui anafuta nini. Hatusemi mgodi ufungwe, ndiyo unatulisha. Tunaomba delege wetu wabebe mambo mawili ku meza ya mazungumzo: bisi moja kwa mwaka kwa ajili ya familia, na, mbele ya kufungua kilima kipya, wazee wa mahali waitwe waseme pale kuna nini.

Kwa kungojea jibu, mzazi mwenye konje mwezi huu aanze. Chukua watoto, beba maji na bukari, na takataka zirudi na wewe nyumbani.