Plagi tatu za nyuma za Harrier V6: Kwa nini mafundi huziruka na jinsi ya kuzibadilisha nyumbani

Umebadilisha plagi mwezi uliopita, lakini gari bado linamisi. Ukisimama kwenye foleni sailensa haitulii, taa ya njano ya injini inawaka, na mafuta yanakwisha haraka. Kabla hujaingia dukani kununua koili, jiulize: fundi alibadilisha plagi zote sita, au tatu tu?

Swali hili ni la wenye Toyota Harrier ya kizazi cha kwanza na cha pili yenye injini ya V6 ya lita 3.0, maarufu kama 1MZ-FE. Wenye Harrier ya silinda nne hawana presha hii, plagi zao ziko juu.

Tatizo liko wapi?

V6 hii imekaa kimshazari wa gari, kushoto kwenda kulia. Silinda tatu ziko upande wa rejeta na tatu upande wa kioo. Za mbele ni kazi ndogo. Za nyuma zimefichwa chini ya manifoldi ya kuingiza hewa, zimebanana na ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Huzioni vizuri, unazipapasa.

Ndiyo maana wapo mafundi wanaobadilisha tatu za mbele kisha wanachaji sita. Kinga yake ni rahisi: dai plagi zako za zamani, na ziwe sita.

Kama una kifaa cha kusoma kodi, kitakusaidia pia. Silinda za nyuma ni namba 1, 3 na 5. Ukiona P0301, P0303 au P0305, tatizo liko kule kusikofikika.

Usilipuuze. Silinda isiyochoma hupitisha petroli mbichi hadi kwenye masega ya ekzosi. Inaungulia humo na kuyayeyusha, na bei ya masega si ya kulinganisha na plagi sita.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Soketi ya plagi namba 16 yenye mpira au sumaku ndani, ekstensheni fupi na ndefu, jointi ya kupinda, soketi namba 10, tochi ya kichwani, na kipande cha mpira wa mafuta chenye urefu wa kiganja kimoja na nusu hivi.

Hatua kwa hatua

1. Acha injini ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku mzima. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kuchana thredi, na hapo imekula kwako.

2. Toa waya wa hasi wa betri. Piga picha kwa simu kila unachokwenda kufungua.

3. Tengeneza nafasi. Toa bomba la hewa linalotoka kwenye ekleana. Wengi hutoa pia mikono ya waipa na plastiki iliyo chini ya kioo ili mkono upite.

4. Fanya plagi moja hadi mwisho, ndipo uende nyingine. Chomoa soketi ya waya ya koili taratibu, maana plastiki ya gari la zamani hukatika kama biskuti. Fungua bolti namba 10, kisha vuta koili.

5. Puliza shimo kwa upepo kabla ya kufungua plagi. Mchanga ukiangukia ndani ya silinda, umejitafutia kazi nyingine.

6. Kurudisha plagi mpya, chomeka kichwa chake kwenye ule mpira wa mafuta, uishushe shimoni na uizungushe kwa vidole. Hii ndiyo siri ya kazi yote. Plagi ikiingia upande, mpira utateleza na hautakuwa na nguvu ya kuharibu thredi. Spana haina huruma hiyo.

7. Ikishakaa, kaza kwa spana ya kupima hadi Nm 18. Ni kiasi kidogo, usikomae nayo. Gepu ya plagi za injini hii ni milimita 1.1.

Soma plagi ulizotoa

Ukikuta oili shimoni, plagi mpya hazitamaliza tatizo. Mara nyingi ni sili za mashimo ya plagi au gasketi ya tapeti kava iliyochoka. Oili hiyo hulainisha mpira wa koili na koili inakufa kabla ya wakati. Kwa kuwa umeshafungua, panga kuibadilisha.

Lini umwite fundi?

Plagi ikikataa kuzunguka, usilazimishe. Weka mafuta ya kulainisha kutu, subiri, kisha izungushe kidogo mbele na nyuma. Ikigoma bado, simama hapo na umwite fundi. Kumlipa kwa plagi iliyogoma ni nafuu kuliko kumlipa kwa iliyokatikia ndani.

Kwa mara ya kwanza tenga nusu siku, tena siku ambayo huhitaji gari. Ukimaliza, panga zile sita za zamani mezani kwa mpangilio wa silinda zake, uzitazame. Kama tatu ni mpya na tatu zimechakaa, umeshapata jibu la swali la mwanzo.