Sababu gani picha zilikosa kutokea?

Wandugu wanafunzi, juma lililopita ukurasa wetu wa pointi ulifunguka bila picha wala rangi. Wengi wametuuliza sababu. Tunaieleza hapa.

Picha na rangi ni faili zisizobadilika: zinatolewa vile ziko. Njia, yenyewe, inatengeneza jibu kwa kila mwenye kuuliza. Programu yetu inatumia Express, iliyotokea mwaka 2010. Ombi likiingia, Express inafuata mistari yetu toka juu mpaka chini. Wa kwanza kujibu njo mwenye kumaliza kazi. Sisi tulitanguliza njia inayopokea adresi zote, tukaweka express.static chini yake. Basi kila picha ilijibiwa "haipo". Tulipandisha mstari ule juu, picha zikatokea.

Neno la pili ni kubwa zaidi. Express.static haiulizi mtu jina lake. Mmoja wetu alitaka kuipa folda nzima ya programu, na humo mlikuwa pointi zenu zote, mbele ya kutangazwa! Tulimzuia kwa wakati.

Basi tushike haya: kwanza folda ya vitu vya watu wote, kisha njia, mwisho jibu la "haipo". Siri zikae inje ya folda ile.