SURA HAIPOKEI AMRI

Askari hupigwa picha mara nyingi katika maisha yake, lakini ni mara chache mno anapopigwa picha ya nafsi yake. Hupigwa siku ya kuandikishwa, kichwa kimenyolewa na macho yamekodolewa, mgongo umeelekea ukuta mweupe. Hupigwa tena kwa ajili ya kitambulisho, kwa ajili ya kozi, na kwa ajili ya pasi anapotumwa nje ya nchi. Picha hizo zote zina kazi moja, nayo ni kumhakikishia ofisa asiyemjua kwamba huyu ndiye. Hazikukusudiwa kumweleza mtoto kwamba baba yake, au mama yake, alikuwa mtu wa namna gani. Hata hivyo, msiba unapoingia nyumbani, aghalabu ni moja ya picha hizo inayotolewa sandukuni, ikapelekwa mjini kukuzwa na kusimamishwa kando ya jeneza, hali mhuri umekatisha bega na uso umefifia. Mtoto huitazama picha hiyo maisha yake yote, akitafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwekwa.

Hakuna familia ya askari isiyojua uzito wa kuagana, na tangu Machi 2007, kikosi cha kwanza cha Uganda kilipotua Mogadishu, uzito huo umevuka mipaka ya nchi. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tuzungumze na wenzetu wa jeshi na wa polisi juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani namna ya kutayarisha kikao cha kupiga picha ya sura yenye kueleza moyo wa mtu. Mahali tulipopachagua kwa mfano wetu ni Ruharo.

RUHARO NA URITHI WA MBARARA

Ruharo ni mtaa wa mji wa Mbarara wenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo la Dayosisi ya Ankole, pamoja na hospitali ya misheni ambayo sifa yake kubwa ni tiba ya macho. Mbali kidogo, upande wa kusini mashariki, katika Wilaya ya Isingiro, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yamepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipoingia Wanyarwanda wa kwanza. Leo wamo humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha sokoni na shuleni.

Sanaa ya picha si ngeni katika nchi hii ya Ankole. Musa Katuramu wa Mbarara, aliyekuwa seremala na mwalimu, alibeba kamera tangu miaka ya 1930 akawapiga picha jamaa, marafiki na majirani. Negativu zake zilitunzwa na familia, na baadaye mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011, ukasaidia kuzitoa hadharani. Kitabu kilichotokana na kazi yake kiliitwa People Poses Places, maana yake watu, mikao na mahali. Maneno hayo matatu yanatosha kuwa mtaala mzima wa mpiga picha wa sura. Kitabu hicho ni kimoja katika mfululizo uitwao Ebifananyi, yaani picha kwa Kiluganda, neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwa kuwa mzizi wake ni ule ule wa kufanana. Picha ni kitu kinachofanana. Swali la msanii ni hili: kifanane na nini cha mtu huyu?

PICHA YA KITUONI NA PICHA YA NYUMBANI

Wenzetu wa polisi wanaifahamu vizuri picha ya aina nyingine. Katika miaka ya 1880 Alphonse Bertillon, karani wa polisi mjini Paris, aliweka utaratibu wa kumpiga mshukiwa picha mbili, moja ya uso na moja ya ubavuni, kwa umbali ule ule na mwanga ule ule, zikiambatana na vipimo vya mwili. Utaratibu huo ulienea duniani kwa sababu unafaa kazi yake. Haumwulizi mtu anataka aonekane vipi, wala haujali kama amelala usingizi au amefiwa. Kila uso hutendewa sawasawa ili uweze kulinganishwa na uso mwingine.

Mkimbizi wa Nakivale naye huijua picha ya namna hiyo, maana hupigwa picha anapoandikishwa. Tena hupigwa na wageni wapitao, wakati mwingine bila kuulizwa jina. Basi mkimbizi na askari, ingawa kazi zao ni mbalimbali, wanafanana kwa jambo moja: wote wamezoea kutazamwa na kamera isiyowauliza neno. Picha ya sura tunayoizungumzia hapa huanza kwa kuuliza.

MATAYARISHO KWA MFANO WA AMRI YA OPERESHENI

Kila aliyepita chuo cha makadeti anazijua sehemu tano za amri ya operesheni: hali, shabaha, utekelezaji, ugavi, na uongozi na mawasiliano. Zinafaa kabisa kwa kazi hii.

Kwanza, hali. Mpiga picha hana budi kufanya upelelezi. Aende mahali penyewe siku moja kabla, saa ile ile atakayopigia picha, atazame jua linatoka wapi na kivuli kinaangukia wapi. Mbarara iko karibu sana na mstari wa ikweta, na jua huchomoza mnamo saa moja asubuhi mwaka mzima. Kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana huwa juu mno, likijaza weusi kwenye mashimo ya macho, na uso usio na macho hauna habari. Mwanga mzuri ni wa saa mbili hadi saa tatu asubuhi, na ule wa saa kumi na moja jioni hadi magharibi. Asiyeweza kungojea saa hizo amweke mtu barazani, chini ya paa, au mlangoni akielekea nje. Mlango wazi ni studio isiyolipiwa kodi.

Hali ina sehemu ya pili, nayo ni kumfahamu mtu. Zungumza naye bila kamera. Anapenda nini afikapo likizoni? Mikono yake imezoea nini zaidi ya silaha? Picha hii atapewa nani?

Pili, shabaha. Iandikwe kwa sentensi moja, kama ilivyo ada ya jeshi. Kwa mfano: kumwonyesha sajini huyu kama fundi wa kuchonga, ili wanawe wajue alikotoa utulivu wake. Shabaha ikishapatikana, mengi huamuliwa yenyewe: mavazi, kifaa cha kushika, umbali na mandhari ya nyuma. Pasipo shabaha, mpiga picha hufyatua mara mia na kurudi bila kitu.

Tatu, utekelezaji. Tutaurudia hapa chini, kwa kuwa ndipo penye ugumu.

Nne, ugavi. Kamera yoyote inafaa, hata ya simu, mradi lenzi iwe safi. Anayetumia simu asimsogelee mtu mno, maana lenzi pana hukuza pua na kupunguza masikio. Asimame umbali wa mita mbili, na kama simu ina lenzi ya kuvuta, aitumie. Mwenye kamera ya filamu ya milimita 35 atumie lenzi ya milimita 85 hadi 105. Ubao mweupe au shuka jeupe likishikwa upande wa kivuli hurudisha mwanga usoni. Kitenge au blanketi la rangi moja hutosha kuwa pazia la nyuma. Mjini Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akawawekea wateja saa za mkononi, redio na hata pikipiki ndogo wazishike au wazikalie, nao wakachagua wenyewe wanavyotaka kukumbukwa. Tusione haya kuiga busara hiyo.

Suala la rangi ya ngozi nalo limo katika ugavi. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa kadi zenye picha za wanawake weupe, na ngozi nyeusi ikaumia. Kamera za leo zimeendelea, lakini bado hudanganyika. Askari wa usalama barabarani wa Uganda huvaa sare nyeupe. Kamera ikiupima weupe huo hupunguza mwanga, na uso wa afande ukawa kama kaa la mkaa. Dawa yake ni kupima mwanga usoni, kisha kutazama picha ya majaribio: ngozi ibaki na rangi yake, isiwe makaa wala majivu.

Tano, uongozi na mawasiliano. Hapa hapana mzaha. Picha yenye sare ipigwe kwa ruhusa ya mkuu husika. Pasionekane nyuma ghala, lango, mtambo, gari la kazi wala namba yoyote. Simu nyingi za kisasa huandika ndani ya picha mahali na saa ilipopigwa, basi uwezo huo uzimwe kabla ya kuanza. Kwa mkimbizi tahadhari ni kubwa zaidi, kwani yawezekana yuko mtu alikotoka anayemtafuta. Aulizwe kama anakubali, aelezwe picha itakwenda wapi, na akikataa, neno lake liheshimiwe bila kubembelezwa.

PALE AMRI INAPOKOMA

Sasa turudi kwenye utekelezaji. Mambo yote tuliyoyataja yanaweza kuamrishwa. Jua lina ratiba yake, pazia lina kamba zake, na askari akiambiwa asimame hapa atasimama hapa. Lakini uso haupokei amri. Mwambie afande acheke, atakupa meno. Mwambie awe na fahari, atakupa kidevu. Mazoea ya gwaride yamemfundisha kuuficha moyo wake nyuma ya sura moja iliyonyooka, na mafunzo hayo ni sahihi mahali pake. Kazi ya mpiga picha ni kumtengenezea nafasi ya kuliweka gwaride kando kwa dakika chache.

Tarehe 30 Desemba 1941, Winston Churchill alipomaliza kuhutubia Bunge la Kanada mjini Ottawa, mpiga picha Yousuf Karsh alikuwa amekwisha kutega taa zake tayari. Churchill aliingia na sigara yake kubwa mdomoni, wala hakutaka kuiweka. Karsh alimwendea, akaiondoa kwa adabu, akarudi kwenye kamera na kupiga. Ule uso wa ghadhabu ukawa mojawapo ya picha mashuhuri za vita vile. Wengi husimulia kisa cha sigara, wachache hukumbuka taa zilizokuwa zimetegwa mapema. Wachache zaidi wanajua kwamba Karsh mwenyewe alikuwa Mwarmenia mzaliwa wa Mardin, ambaye familia yake iliyakimbia mateso katika dola ya Waturuki, naye akafika Kanada akiwa kijana mkimbizi. Huenda kijana wa Nakivale anayesoma habari hizi asiione hiyo kuwa habari ndogo.

Hatushauri mtu yeyote amnyang'anye mkuu wake sigara. Funzo ni kwamba mipango hukamilishwa mapema ili mpiga picha, wakati ukifika, awe huru kumtazama mtu. Katika kikao kimoja tulichokisimamia Ruharo, mama mmoja aliyetoka Nakivale alikaa kitini akiwa mkavu kama anayengojea kuitwa jina kwenye foleni. Mpiga picha hakumhimiza. Alimwuliza tu jinsi mama yake alivyokuwa akifunga kilemba. Mama alinyanyua mikono miwili akaanza kukifungua chake ili aonyeshe, akaeleza kwamba picha zote za mamaye zilibaki katika nyumba waliyoikimbia Kongo, na kwamba huambiwa amefanana naye. Alipokuwa akikifunga upya, macho yakiwa mbali, kamera ilifyatuka mara tatu. Alipoonyeshwa picha alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba huyo si yeye, huyo ni mama.

Hapo ndipo tulipoelewa neno lile la kufanana kwa utimilifu wake. Mama huyo alikuwa amekuja kupigwa picha moja, akaondoka na sura mbili.

WAJIBU WETU

Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala lilionyesha picha zilizochaguliwa kutoka katika makumi ya maelfu ya negativu zilizopigwa na wapiga picha wa serikali zamani za Idi Amin, ambazo zilikutwa katika hazina ya Shirika la Utangazaji la Uganda. Nyingi hazikuwahi kuchapishwa. Wamo humo askari na polisi, na raia waliosimama mbele ya kamera bila kuwa na hiari. Picha ya gwaride hutuonyesha mamia ya watu waliosimama sawasawa, lakini mtoto anayemtafuta baba yake katika safu zile atapata taabu kubwa kumtambua.

Basi, ndugu askari, na ndugu polisi, tusingoje msiba. Kabla ya likizo kwisha, chagua asubuhi moja, vaa unachokipenda, mchukue mwenzako mwenye jicho zuri, tafuteni mlango wenye mwanga. Ukiisha kuipata picha inayokufanana, usiiache ndani ya simu, kwani simu huibwa na kuvunjika. Ichapishe kwenye karatasi. Nyuma yake andika jina lako kamili, mahali na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Nakala moja mpe mwenzi wako, nyingine mpelekee mama kijijini. Kisha rudi kazini.