Dekio gani linafaa chumba kidogo? Soma kabla hujaingizwa mjini

Najua wengine dakika zenu hapo kafe zinahesabiwa, kwa hiyo naenda moja kwa moja. Leo hakuna siasa wala mpira. Leo ni dekio. Ndiyo, dekio la kudekia sakafu. Usicheke, maana hicho kitu kilitaka kuniletea msiba nyumbani.

Ilikuwa hivi. Tunaishi watatu, bi mkubwa, dogo na mimi, kwenye chumba na kisebule cha kupanga huku Mbagala. Bi mkubwa miaka yote anadeki kwa tambara, kapiga magoti. Sasa hivi magoti yanamuuma mpaka kupanda daladala ni shughuli. Nilipomaliza kidato cha nne na kupata vijisenti vyangu vya kwanza, nikaenda Kariakoo kumnunulia lile dekio la kuzunguka, lenye ndoo yake ya kukamulia. Elfu arobaini ikanitoka. Muuzaji alilizungusha, akapitisha kwenye vigae vya dukani, vikang'aa kama kioo. Nikajiona nimeula.

Kufika nyumbani, ile ndoo haina pa kukaa. Tukaiweka kati ya kitanda na mlango, tena ikiwa na maji, maana kwenda kuyamwaga nje kila saa ni kazi. Usiku dogo anatoka kwenda chooni gizani, akaipiga teke. Maji yakaenda moja kwa moja kwenye ekstensheni iliyokuwa sakafuni, imechomekwa TV na chaji za simu. Bi mkubwa naye akakurupuka kuwahi vitu vyake, miguu peku. Nikapiga yowe, "Mama, usishuke!" Bahati nzuri jirani alisikia, akazima meni swichi kule koridoni. Hakuna aliyeumia. Ila mimi sikulala tena.

Asubuhi nikakaa nikafikiri. Kosa lilikuwa langu. Nilichagua dekio kwa kuangalia sakafu ya dukani, sikuangalia ya nyumbani. Kwa sisi wa chumba kimoja au viwili, dekio zuri lina sifa tatu: linatumia maji kidogo, linakamulika mpaka halidondoshi, na likimaliza kazi lina pa kukaa. Mengine ni mbwembwe.

Kwa nini nasisitiza maji kidogo? Chumba chenye dirisha moja sakafu yake inachelewa kukauka. Maji yakiingia chini ya kapeti la plastiki yanabaki humo humo, harufu inaanza. Miguu ya kitanda cha mbao inavimba. Mzee au mtoto anateleza. Nyaya nyingi zipo chini. Na kwa anayenunua maji kwa dumu, kila ndoo ni pesa. Halafu kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 10 ni kilo 10 za kubeba kwa mtu ambaye mgongo umeshachoka.

Sasa tuangalie aina zilizopo sokoni.

1. Tambara la mkono. Bei yake bure, fulana iliyochakaa inatosha. Linaingia kila kona na linafaa hata kwenye sementi iliyochimbika. Ubaya wake ni mgongo na magoti.

2. Dekio la nyuzi za pamba. Ni imara, linavumilia sakafu mbaya. Lakini linakunywa maji mengi na kulikamua kwa mkono ni mieleka. Likiachwa kwenye ndoo linanuka siku ya pili. Hili linafaa zaidi kwenye baraza au koridoni.

3. Dekio la sponji lenye kibano. Unavuta mpini, lenyewe linajikamua. Zuri kwa vigae. Sponji ya aina nyingi ikikauka inakuwa ngumu kama mkate wa juzi, lazima uilowanishe kwanza, ukilazimisha inachanika. Kwenye sementi yenye mikwaruzo haidumu.

4. Dekio la kuzunguka na ndoo yake. Linakamua vizuri sana, huo ndiyo ukweli. Kama una nyumba yenye stoo, chukua. Kama huna pa kuweka ndoo, umeyasikia yangu.

5. Dekio bapa la kitambaa cha mikrofaiba. Kichwa chake ni kama ubao mwembamba, kitambaa kinavuliwa na kufuliwa. Nyuzi zake ni nyembamba mno, ndiyo maana linashika vumbi kwa maji machache tu. Linapita chini ya kitanda bila kusogeza kitu, na linaning'inizwa ukutani kwa msumari mmoja. Kwa vigae, tarazo, sementi laini na kapeti la plastiki, mimi chaguo langu ni hili.

Na kama mfuko umetoboka? Chukua kile kifaa cha mpira cha kuvutia maji, wengine wanakiita skwiza, kizungushie taulo kuukuu lililolowanishwa na kukamuliwa sana. Umepata dekio bapa la kienyeji. Bi mkubwa wa mtu hapigi magoti tena.

Hii habari ya magoti wala siyo ya uswahilini peke yake. Kule Hispania, injinia wa ndege aitwaye Manuel Jalón ndiye aliyeanza kuuza dekio la mpini pamoja na ndoo ya kukamulia mwaka 1956, baada ya kuona Marekani wanavyosafisha mabanda ya ndege. Kabla ya hapo kina mama wengi wa kwao nao walikuwa wanasugua sakafu wamepiga magoti.

Ukifika dukani fanya hivi. Simama wima, mpini ukufikie karibu na kidevu. Ukiwa mfupi utainama tu, hujafanya kitu. Shika maungio ya kichwa na mpini uyatingishe, yakicheza cheza rudisha. Uliza kama vitambaa vya akiba vinauzwa peke yake. Chukua viwili, kimoja kikiwa kwenye kamba kingine kinafanya kazi.

Nyumbani sasa. Fagia kwanza, la sivyo unasambaza tope. Chomoa ekstensheni, ipandishe mezani. Anzia kona ya mbali, rudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Maji yakiwa meusi, badilisha. Ukimaliza mwaga maji yote hapo hapo, ndoo ifunike kifudifudi, kitambaa kianike juani. Kitambaa cha mikrofaiba usikifue kwa jiki wala dawa ya kulainisha nguo, kinaharibika. Na tafadhali sana, usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi eti sakafu itakate. Inatoka hewa ya sumu ya klorini, na kwenye chumba kisichopitisha hewa inaweza kukuua.

Lile dekio langu la elfu arobaini nimemuuzia dada mmoja mwenye saluni, kwa nusu bei. Kwake kuna nafasi na vigae, analifurahia. Bi mkubwa sasa anadeki amesimama, tena anaimba. Ekstensheni nimeipigilia ukutani, juu kabisa, dogo hata akinyoosha mkono haifikii.

Haya wadau, kwenu mnadekia nini? Kama kuna mwenye ujanja wa kukamua bila kuumiza viganja, atumwagie hapo chini. Bi mkubwa ameniambia nimsomee majibu yote.