Kijiti hakitazami kasi peke yake

Kwa kijana mwenye mbio anayekulia Diepsloot, kitongoji cha kaskazini mwa Johannesburg kilichoanza katikati ya miaka ya 1990 kama makazi ya muda, njia ya Olimpiki katika mita 100 ni nyembamba: nchi huruhusiwa wakimbiaji 3 tu. Mbio za kupokezana vijiti hufungua mlango mwingine.

Afrika Kusini iliupitia mjini Paris tarehe 9 Agosti 2024. Bayanda Walaza, mwenye miaka 18, alianza, wakafuata Shaun Maswanganyi na Bradley Nkoana, mwenye miaka 19, naye Akani Simbine akamaliza. Walitumia sekunde 37.57, rekodi ya Afrika, wakapata medali ya fedha nyuma ya Canada iliyokimbia 37.50.

Kocha hachagui wanne wenye kasi tu. Wa kwanza lazima achomoke upesi na kuimudu kona. Wa tatu naye hukimbia kona. Wa pili hupokea na kukabidhi. Kijiti sharti kibadilishwe ndani ya mita 30. Marekani, iliyosheheni wakimbiaji hodari, iliondolewa katika fainali hiyo hiyo kwa kukosea hapo.

Kenya inalijua tatizo hili kwa namna yake. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mwaka 2021, ilhali Simbine alipata 9.82 mjini Paris. Hata hivyo, Kenya haijawahi kupata medali ya Olimpiki katika mita 100 kwa wanne. Duma mmoja hatoshi.

Mwezi Mei 2025, mjini Guangzhou, Afrika Kusini ilishinda mashindano ya dunia ya kupokezana vijiti kwa sekunde 37.61, Marekani ikiwa ya pili.