Ndege wa Uluguru Asiye na Kwao Kwingine

Ukitoka Morogoro mjini na kutazama juu, utaiona milima ya Uluguru. Katika msitu wa huko juu anaishi ndege mmoja. Ndege huyu hayupo mahali pengine popote duniani. Anaitwa kipwe wa Uluguru.

Kipwe huyu ana kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano. Mdomo wake ni mnene, na ncha yake imepinda kama ndoana. Chakula chake ni wadudu, na huwatafuta juu kabisa, kwenye vilele vya miti mirefu. Ndiyo maana watu humsikia mara nyingi, lakini kumwona ni kazi.

Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Karibu wote wanaishi katika msitu wa Uluguru Kaskazini. Kwenye miaka ya 2000 wataalamu walikadiria kuwa wako jozi 1,200 hivi. Jozi ni dume na jike, basi jumla yao wakati huo ilikadiriwa kuwa ndege 2,400 hivi tu. Kuna vijiji vyenye watu wengi kuliko hao!

Kwa nini yuko hatarini? Ndege huyu hakai shambani. Mti mrefu ukikatwa, amepoteza nyumba na chakula pamoja. Moto wa kusafishia shamba nao ukiponyoka, huingia msituni na kuula polepole kutoka pembeni. Akikosa msitu huu, hana pa kuhamia.

Mwaka 2008 Serikali iliunganisha misitu ya Uluguru Kaskazini, Kusini na Bunduki, ikawa hifadhi moja ya mazingira asilia. Ina zaidi ya hekta 24,000. Lakini hifadhi bila wananchi ni karatasi tu.

Labda utauliza, "Ndege atanipa nini mimi mkulima?" Swali zuri. Msitu unaomlisha kipwe ndio unaoshika maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa hadi Dar es Salaam. Msitu ukiisha, mvua huteremka na udongo, na kiangazi mto hukauka.

Basi tufanye haya: tuchimbe barabara ya moto kabla ya kuchoma shamba. Tupande miti yetu ya kuni karibu na nyumba. Tuheshimu mipaka ya hifadhi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kipwe hutafuta chakula wapi?
2. Maji ya kijiji chenu hutoka msitu gani?
3. Nani anautunza?