Mkorogo: kwenye kopo kuna nini?

Wadau, juzi nimetoka Kibondo kwenda Kasulu, nikapita kwenye kibanda cha vipodozi. Dada muuzaji anakoroga krimu 3 kwenye kopo moja, lebo hamna. Nikamuuliza humo kuna nini? Akacheka: "Kaka, wewe paka tu, utang'aa."

Sasa sikilizeni. Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi, ila inawasha. Steroidi inatuliza muwasho, unaona mambo shwari, kumbe ngozi inazidi kuwa nyembamba. Zebaki ndo balaa kabisa, inapenya mpaka kwenye figo.

Kuchanganya peke yake si kosa. Mwaka 1975 Kligman na Willis wa Marekani walitangaza mchanganyiko wa haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na steroidi asilimia 0.1. Lakini wale walipima! Dada yetu kipimo chake ni kijiko cha chai.

Kama umeshapaka miezi kadhaa, nenda hospitali leo na kopo lako mkononi, usione aibu. Zebaki inatakiwa kuachwa mara moja, steroidi ikikatishwa ghafla uso unaweza kuwaka moto. Bila kopo daktari ataanzia wapi?